Maharage Asiyoyaonja Mayu Kabula

Wanangu, kabla hamjawasha jiko, wekeni simu chini kwanza. Najua siku hizi mnapika kwa kutazama video. Juzi mjukuu wangu alinionyesha dada mmoja anapika maharage machanga na bekoni, muziki unalia kwa nyuma, mara sahani hiyo mezani inang'aa. Nikamwuliza, "Huyu dada, mbona hatujasikia kikaango chake?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Bibi, nani anasikiliza kikaango?"

Haya, cheka. Mimi nimezeekea jikoni kwenye nyumba ya wageni hapa Bariadi, na muda wote huo nimesikiliza kikaango. Aliyenifundisha kusikiliza ni Mayu Kabula. Mayu ni mama, kwetu Wasukuma, ninyi mliozaliwa mjini mnaojibu "mambo poa" mkiamkiwa mwangaluka. Huyo mama alipika maharage machanga na bekoni vizuri kuliko mpishi yeyote niliyewahi kumwona, na hakuwahi kuyaonja hata mara moja. Alikuwa Msabato. Nguruwe kwake ilikuwa mwiko, iwe bekoni, iwe soseji, iwe hiyo kitimoto mnayoipigia foleni jioni. Alipika, akapakua, akapeleka mezani, na ulimi wake haukugusa.

Najua mnachotaka kusema. Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Subirini. Hata mimi niliuliza hivyo hivyo.

Tuanze na maharage yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanajikwaa. Maharage machanga ni yale ya kijani, marefu, membamba, yanayoliwa na ganda lake. Chagua yanayokatika "tap" ukiyapinda. Likipinda tu bila kukatika, limelala sokoni, mwachie mwenyewe. Kata ncha, vuta na uzi wake ubavuni, maana mgeni akitoa uzi mdomoni mbele ya watu amekuaibisha wewe. Kisha maji mengi yachemke kwelikweli, chumvi, tumbukiza, na usifunike sufuria. Ukifunika yanageuka rangi ya sare ya mgambo. Yakilainika kidogo huku bado yana ubishi chini ya jino, yatoe, yatie kwenye maji ya baridi yabaki na ukijani wake.

Hayo yote alinionyesha Mayu, na yeye hakuzaliwa nayo. Alikuwa mtu wa Lalago, kwenye pamba na ng'ombe, na kwao maharage ni punje, kama kwetu sote. Ganda ni la mbuzi. Alipoajiriwa, siku ya kwanza akaletewa tenga la maharage machanga, akaambiwa apike kwa ajili ya chakula cha mchana. Akakaa kwenye kigoda akayapua. Akapua tenga zima! Maganda akawamwagia mbuzi wa jirani, akabaki na vipunje laini vya kujaza kikombe, akavichemsha, akavipanga kwenye sahani. Mama mwenye nyumba akachungulia, akauliza, "Kabula, maharage yako wapi?" Naye akajibu kwa heshima zote, "Samahani mama, leo wametuuzia mabaya. Hayakuwa na kitu ndani."

Alipenda kuisimulia hiyo mwenyewe, tena akiigiza na sauti ya mama mwenye nyumba. Alisema wale mbuzi walikuja mlangoni mwa jiko kila asubuhi baada ya hapo, na yeye akawa anawaamkia.

Mimi alinisimulia siku yangu ya kwanza, kunifariji. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nilikuwa nimepewa bekoni niikaange, na mimi kwa kujifanya najua nikamimina mafuta kwenye kikaango yakajaa nusu. Bekoni ikaogelea, mafuta yakaruka, paka akakimbia, mimi nikakimbia nyuma ya paka. Mayu akazima jiko taratibu. Akasema, "Minza, ng'wanone, mafuta yamo ndani ya nyama. Wewe weka tu moto, uwe na subira." Ng'wanone ni mwanangu. Hakunifokea, na mimi nilikuwa nimetoka kwa shangazi wa Maswa ambaye kwa kosa la namna hiyo ningelala na njaa. Nikampenda kuanzia hapo.

Bekoni, sikilizeni vizuri. Kikaango kikavu, moto mdogo, panga vipande visipandane. Kwanza itanung'unika. Kisha itapiga kelele, hayo ni maji yanatoka. Usiiguse. Kelele zikianza kupungua, geuza. Itapiga kelele tena kidogo, halafu itatulia, inabaki inanong'ona tu. Hapo itoe. Ukingoja mpaka inyamaze kabisa umechelewa, itakuwa kaa la moto. Mayu alikuwa anaweza kunipa mgongo anakata vitunguu swaumu, ghafla anasema, "Geuza." Nageuza, dhahabu! Nilidhani ana macho kisogoni. Kumbe masikio.

Kisha kwenye mafuta hayohayo yaliyobaki unatia vitunguu swaumu na vijani vya rozmari vilivyokatwa vidogo vidogo. Rozmari ilikuwa imepandwa kwenye ndoo kuukuu ya rangi karibu na bomba, na Mayu aliimwagilia kwa maji ya kuoshea mchele, hata wakati wa kiangazi kile cha kwetu ambacho vumbi linaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Ikinukia, mimina maharage, geuzageuza, rudisha bekoni iliyokatwakatwa, nyunyiza giligilani, epua. Ni chakula cha pembeni tu hicho, cha kusindikiza kuku au viazi. Lakini wageni walikuwa wanamaliza maharage kwanza, kuku anawatazama.

Sasa chumvi. Bekoni ina chumvi yake, na kila bekoni na tabia yake. Ya kwetu ilikuja na basi kutoka Mwanza, ndani ya boksi la barafu. Mayu maharage aliweza kuyaonja yakiwa peke yake, kabla hayajakutana na nguruwe. Yakishakutana, basi, mlango umefungwa. Ndipo aliponigeuza mimi kuwa ulimi wake. Mimi ni Mkatoliki, nguruwe ni ndugu yangu. Nilionja, nikamwambia, "Mayu, iko sawa," au "Mayu, bado." Hata kikaango cha bekoni alikifunga kiwaya kwenye mpini ili kisichanganyike na vingine. Jumamosi alikuwa kanisani, hivyo nilipika peke yangu, na Jumapili asubuhi lazima aniulize, "Jana sahani zilirudi zikoje?" Hakuuliza wageni wamesemaje. Alisema mdomo wa mgeni una adabu, sahani haina.

Tukaenda hivyo vizuri mpaka nilipofiwa. Baba yangu mdogo alifariki kule Ipililo, nikaenda msibani, Mayu akabaki peke yake. Na katika siku hizo hizo yule aliyekuwa akituuzia bekoni akabadilika, ikaja bekoni nyingine, yenye chumvi kama imechimbwa ziwani. Mayu akaipika kwa mazoea yake. Sahani ikarudi, maharage yameguswa mara moja tu. Mgeni aliomba maji, akaomba tena maji.

Tulikuwa na meneja mpya wakati ule, kijana wa kutoka Dar, mtanashati, shati limechomekewa hata kwenye joto la saa nane. Msimchukie. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kazi ngeni, bosi mkali, na wiki iliyofuata walikuwa wanakuja wahandisi wa barabara kuangalia kama watapanga nyumba nzima mpaka barabara iishe. Nyumba ilikuwa inasuasua. Wakikataa, sote tulikuwa tunarudi makwetu kupalilia pamba. Nilipotoka msibani nikamkuta amesimama jikoni, anasema kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko kelele.

"Mama Kabula, mimi dini yako naiheshimu. Lakini mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho. Siku ya wahandisi nitasimama hapa. Utaonja mbele yangu kabla chakula hakijatoka. Kama huwezi, nitakuhamishia kwenye kufua mashuka, na jikoni nitatafuta mtu mwingine."

Mayu akasema, "Nimesikia, baba."

Lakini mimi nilimjua. Jiko lile ndilo lililompa jina. Alipofiwa na mumewe, ndugu wa mume walikuja wakachukua ng'ombe, wakamwacha na watoto na jembe. Ni jiko lile lililomsimamisha. Watu wa mjini walimwita "yule mama wa maharage", na alikuwa anajifanya hapendi. Kumtoa pale umpeleke kwenye beseni la mashuka ilikuwa ni kumfuta. Na kuonja, hapana. Nililia mimi, siyo yeye.

Yeye aliomba bekoni iliyobaki. Nikadhani anataka kuitupa. Kumbe akakata vipande vidogo, akavikaanga kimoja kimoja, kila mara kikaango kisafi, huku ameinama anakodolea macho kama anatafuta sindano. Ananiambia, "Onja." Naonja. "Kali?" Kali. Anaosha kipande kingine kwa maji ya moto, anakaanga. "Onja." Imepungua. Mchana kutwa tulifanya mchezo huo, mpaka nikaona nguruwe ananitosha kwa maisha yangu.

Jioni akaniita. "Tazama hapa." Bekoni inapotoa maji yake, maji yale yanakauka pembeni ya nyama, yanaacha ukingo mweupe kwenye kikaango. Ile ndiyo chumvi yake. Ukingo ukiwa mwembamba kama uzi, nyama ni ya kawaida, yatie maharage chumvi yako. Ukingo ukiwa mnene, nyama ni kali, ioshe kwa maji ya moto, na maharage yachemshe bila chumvi kabisa. "Ilikuwa inaniambia siku zote," akasema, "mimi nilikuwa nasikiliza tu, sitazami." Alikuwa amekasirika kweli, amejikasirikia mwenyewe. Mtu aliyepika bekoni miaka yote hiyo, na bado anajiona mwanafunzi! Mnanielewa kwa nini namsifia?

Basi siku ya wahandisi ikafika, na mimi nikaamka na mafua.

Siyo mafua ya kupiga chafya moja mbili. Pua imeziba yote, kichwa kizito, ulimi ubao. Nikajaribu sukari, nikajaribu majivu, ladha moja. Nikamfuata Mayu kwenye karo nikamwambia. Akanitazama, akaangua kicheko. "Yaani hata ulimi wa kuazima nao umenikimbia!"

Masanja, mlinzi wetu, alikuwa mlangoni anakunywa uji. Naye alimpenda Mayu, kila mtu alimpenda. Akasema, "Mayu, si uonje kidogo tu? Kwenye ncha ya ulimi, halafu uteme. Mungu ataelewa."

"Mungu ataelewa, Masanja," Mayu akajibu, anachagua maharage. "Mimi ndiye sitaelewa."

Masanja akarudi kwenye uji wake.

Alipika kama siku zote. Kama kulikuwa na hofu, ilikuwa kwangu. Meneja akaja akasimama karibu na kabati la vyombo, mikono nyuma. Mayu akaweka kikaango chenye kiwaya, akapanga nyama, akainama. Nilichungulia juu ya bega lake. Ukingo mnene, mweupe, kama ule ule. Bekoni ni ile kali. Akaitoa, akaiosha kwa maji ya moto, akaifuta, akaanza upya. Maharage akayachemsha bila chumvi. Akageuka akaanza kukata giligilani. Kikaango kikapiga kelele, kikapungua. "Geuza," akaniambia, mgongo kwangu. Nikageuza. Kikanong'ona. "Toa." Nikatoa. Vitunguu swaumu, rozmari, maharage, yote yakaingia. Mimi sikusikia hata harufu, jamani. Niliona tu meneja anavuta pumzi ndefu.

Mayu akaepua. Akachukua kijiko kisafi, akachota, akakishika mbele. Meneja akasema taratibu, "Haya mama. Onja."

Akampa yeye kile kijiko, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkwe maji.

"Onja wewe, baba. Ulimi wangu nimeuweka kwa Mungu, na wa Minza uko na mafua. Hapa mwenye ulimi ni wewe peke yako. Ikiwa mbaya, mashuka yako wapi, nikayaanze leo."

Sijui nilikuwa nimeshika nini, lakini nilikishika kwa nguvu. Meneja akatazama kijiko. Akala. Akatafuna polepole, amekunja uso, nasi tunautazama uso ule kama watu wanaongoja mvua. Akameza. Akarudisha kijiko kwenye kikaango, akachota tena.

"Nani ameyaonja haya kabla yangu?" akauliza.

"Hakuna, baba. Wa kwanza ni wewe."

Akachota mara ya tatu. Mayu akampiga kofi dogo mkononi, hivi, kama mtoto. "Baba, waachie wageni!" Masanja mlangoni akapaliwa na uji. Na meneja naye, na shati lake lililochomekewa, akacheka. Sahani zilirudi tupu, tena nyingine zimepanguswa kwa mkate. Wahandisi walikaa kwetu mpaka lami ikapita. Mashuka hayakutajwa tena, na yule kijana alipohamishwa alikuja jikoni kuaga kabla ya kuaga ofisini.

Lakini nililotaka kuwaambia siyo hilo. Ni la mchana ule ule, wageni wamekwisha kula, sisi tunaosha vyombo. Mayu alikuwa anasugua kikaango, akaniuliza bila kunitazama, "Minza, hivi yale maharage yakoje?"

"Yakoje vipi, Mayu?"

"Ladha yake. Naijua harufu, naijua sauti. Watu wanafumba macho wakila. Yakoje?"

Nikajaribu. Nikasema ni kama nyama, lakini siyo nyama. Yana moshi. Yana utamu fulani na chumvi inakuja nyuma. Nikasema ni kama... nikakwama. Miaka yote nimekuwa ulimi wake, kumbe nilichojua kusema ni "iko sawa" na "bado". Akatabasamu. "Basi, wabeja, ng'wanone," akasema. Asante. Akaendelea kusugua. Hakuniuliza tena mpaka alipostaafu akarudi kwa mwanawe kule Dutwa, na mimi nikabaki na kikaango chenye kiwaya.

Swali lile sikulisahau. Na mimi nimestaafu sasa, daktari amenikataza chumvi na mafuta, kwa hiyo siku hizi hata mimi napika nisivyoonja, Mungu ana utani wake. Miezi michache iliyopita nilikuwa nimekaa jikoni kwangu natazama moshi unavyopanda, wazo likanijia. Nikajiita mjinga kwa sauti. Moshi, chumvi, mafuta. Nani alisema lazima awe nguruwe?

Nikanunua kidari cha ng'ombe chenye mafuta, nikakikata vipande vyembamba, nikakipaka chumvi na sukari kidogo, nikakining'iniza juu ya moshi wa jiko mpaka kikawa chekundu cha kuiva. Nikajaribu kukikaanga. Kikanung'unika, kikapiga kelele, kikatulia kikanong'ona! Nilicheka peke yangu. Nikamwita mjukuu wangu aonje, huyo wa video, na yeye akala tu. Nikarudia na kurudia mpaka aliposema, "Bibi, ni kama bekoni kabisa."

Nikapanda basi mpaka Dutwa na kikaango kipya, ambacho hakijawahi kuona nguruwe, maharage machanga kwenye kikapu, rozmari nimeifunga kwenye kitambaa kibichi. Mayu Kabula amezeeka. Macho yamepungua, amekaa kwenye kiti kivulini ukutani, lakini nilipomwamkia, "Mwadila, Mayu," akanijua kwa sauti. Nikamweleza. Nyama ni ng'ombe, kikaango ni kipya, mkono wangu umeoshwa. Akaniuliza mara mbili kuhusu kikaango. Kisha akaomba jiko la mkaa lisogezwe karibu na kiti chake.

Nikapika. Yeye ameinamisha kichwa, mikono magotini. Kelele zilipoanza kupungua nilijifanya sijasikia. "Geuza," akasema.

Nikampakulia. Akanawa, akaomba, akaomba kwa muda mrefu. Akatia mdomoni. Wanangu, nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na kitambaa mkononi cha kumfuta machozi, na kingine cha kwangu. Akatafuna amefumba macho, kama wale wageni wake. Akameza.

"Minza," akasema. "Chumvi imezidi."

Nikavunja amri ya daktari, nikachota. Kweli. Imezidi. Kwa furaha yangu yote sikuutazama hata ukingo wa kikaango. Nikanyoosha mkono nichukue sahani, nikapike tena, nimpe iliyo sawa. Akaivuta kwake, akaiwekea mkono juu.

"Acha," akasema. "Nimeingoja sana."